Jembe Tumewapa, Sauti Tumewanyima

Wapo walimu wenzangu, hasa wastaafu, wanaoamini kwamba shule zetu zimeharibika kwa sababu watoto wa siku hizi wamepewa haki nyingi mno. Wakikutana barazani au msibani, mazungumzo hayachukui muda kufika hapo. Zamani, husema, mwalimu akikohoa shule nzima ilinyamaza. Leo mtoto anathubutu kuuliza kwa nini. Mimi nilianza kufundisha mwanzoni mwa miaka ya 1970, nikawa mkuu wa shule, kisha mkufunzi katika chuo cha ualimu mpaka nilipostaafu. Kwa umri wangu, ambao umekwisha kupita miaka 70, ningetazamiwa kuuitikia wimbo huo. Siuitikii, kwa sababu si wa kweli. Watoto wetu hawajapewa haki nyingi mno. Wamepewa jembe, fagio na ndoo. Wamepewa viranja na kengele. Lakini sauti katika uendeshaji wa shule yao hawajapewa. Na sauti ninayoisema hapa si ile ya kuitikia "Ndiyo, mwalimu" mstarini.

Naishi Kiwangwa. Apitaye barabara itokayo Bagamoyo kwenda Msata hutujua kwa mananasi yaliyopangwa kando ya njia. Nanasi ni zao linalofundisha subira. Ukipanda chipukizi leo, utangoja mwaka mmoja na nusu hivi kabla ya kula tunda lake. Maana yake ni kwamba mtoto anayepanda shamba la shule akiwa kidato cha tatu huenda asiwepo mavuno yatakapokolea. Anapanda kwa ajili ya wengine, kama wengine walivyompandia yeye. Ni somo zuri la uraia, ambalo hakuna kitabu kinachoweza kulifundisha vizuri zaidi. Lakini je, mtoto huyo anaambiwa shamba lile liliingiza shilingi ngapi? Anaulizwa zinunue nini? Anaonyeshwa daftari?

Muulize mwanafunzi yeyote wa shule yenye shamba, bustani au mifugo, popote nchini. Atakuambia idadi ya matuta aliyolima, kwa maana tuta lina kipimo na kipimo kina adhabu. Muulize mapato, atainua mabega. Hapo ndipo penye ugonjwa. Kazi inayofanywa na watu wasiojua matunda yake yanakwenda wapi ina jina lake katika historia ya Tanganyika. Wazee wetu waliokwenda kukata mkonge kama manamba walilijua. Tukiita kazi ya namna hiyo elimu ya kujitegemea, tunalitukana jina lenyewe.

Nasema tunalitukana kwa sababu aliyelitunga hakulikusudia hivyo. Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwezi Machi 1967, hakuandika juu ya jembe tu. Alieleza wazi kwamba wanafunzi washiriki katika uamuzi unaohusu kazi za shule na mapato yake, chini ya uongozi wa walimu, maana hiyo ndiyo njia ya kujifunza na kuithamini demokrasia. Wakilima vizuri wale vizuri na waishi vizuri zaidi. Wakizembea, hasara iwe yao, nao waione. Mambo mawili yalifungwa pamoja kama mpini na jembe: kazi na uamuzi. Sisi tuliotumwa kutekeleza tuliuchomoa mpini, tukawakabidhi watoto chuma.

Najua jibu ambalo baadhi ya wenzangu wanalo tayari. Watasema, huyo huyo Nyerere mwezi Oktoba 1966 aliwafukuza wanafunzi wapatao 400 walioandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Ni kweli, aliwafukuza. Lakini tuisome habari yote, tusiishie ukurasa unaotupendeza. Wanafunzi wale walisema kwamba wakubwa wanataka vijana wajinyime huku wao wenyewe wakila mishahara minono. Nyerere aliwakasirikia, lakini hoja yao hakuitupa. Alikata mshahara wake kwa asilimia 20, na wakubwa wengine wakakatwa pia. Wengi wa wale waliofukuzwa walirudishwa masomoni mwaka uliofuata. Na kabla miezi 6 haijatimia tangu maandamano yale, ndipo alipoandika kwamba shule iwafundishe watoto kuamua. Kiongozi aliyeguswa pabaya na wanafunzi alitambua kwamba dawa haikuwa kuwanyamazisha, bali kuwalea katika kuuliza na kuwajibika. Mwaka 1971 Mwongozo wa TANU, katika kifungu cha 15, ukakemea viongozi wenye majivuno, dharau na uonevu. Sijaona mahali palipoandikwa kwamba kifungu hicho hakiwahusu wakuu wa shule.

Sasa tuwatazame hao viranja, maana kila nikisema wanafunzi wanyimwa sauti naambiwa, "Lakini wana viranja, wana kaka mkuu na dada mkuu, wana serikali ya wanafunzi." Kiranja tuliyemzoea alitoka katika shule za bweni za Uingereza. Wakoloni walimleta katika shule kama ile ya Tabora, iliyofunguliwa mwaka 1925 na kupokea watoto wa watemi, ili wazoee kuwatawala wenzao kwa niaba ya mkubwa aliye juu. Kazi yake haikuwa kupeleka maneno ya wanafunzi juu, bali kuteremsha amri za mwalimu chini. Uhuru ulipokuja tulibadili bendera, wimbo na picha ukutani. Kiranja tukamwacha kama alivyo. Mahali pengi mpaka leo majina hupitishwa kwanza katika chumba cha walimu, na anayebaki kupigiwa kura ni yule asiyeuliza. Kisha tunashangaa kijana huyo akiwa mtu mzima, akichaguliwa diwani au mwenyekiti wa kijiji, hajui kuwa kazi yake ni kuwasemea watu. Nani alimfundisha? Miaka yake yote ya shule alijifunza kuandika majina ya wapiga kelele.

Sisemi haya kwa kubuni. Shule ya sekondari niliyoiongoza ilikuwa na shamba la mananasi la ekari 2. Tuliunda kamati ya shamba: wanafunzi wawili kutoka kila kidato, waliochaguliwa kwa kura ya siri, pamoja na mwalimu wa kilimo. Daftari la mapato na matumizi lilinakiliwa kila mwisho wa mwezi na kubandikwa kwenye ubao wa matangazo, ambapo hata mpishi na mzazi mpita njia waliweza kulisoma. Baadhi ya walimu walinionya kwamba nimekaribisha fujo.

Fujo ya kwanza ilikuwa hii. Msichana mmoja wa kidato cha pili alisimama katika baraza akauliza kwa nini mchuuzi anayekuja na gari ananunua nanasi kubwa na dogo kwa bei moja, ilhali yeye akifika mjini anayapanga kwa ukubwa na kuyauza kwa bei mbalimbali. Hakuna hata mmoja wetu, sisi wenye vyeti, aliyekuwa ameuliza hivyo. Tangu mavuno yaliyofuata tukayapanga mafungu matatu, na shule ikapata zaidi kwa matunda yale yale. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Watoto wale ndio waliokuwa wakiyabeba mananasi kichwani. Walijua uzito wake kuliko sisi tuliosaini risiti.

Fujo ya pili ilikuwa nzito zaidi, nami naieleza kwa sababu adui wa hoja yangu angependa kuijua. Mwaka wa pili wanafunzi walipiga kura pesa yote ya shamba itumike kwenye pilau na muziki wa mahafali. Niliwaambia mbele ya shule nzima kwamba muhula ujao hakutakuwa na fedha ya palizi wala ya machipukizi mapya. Wakasikia, wakapiga kura tena, pilau likashinda. Nikatia saini. Wakala, wakacheza. Muhula uliofuata nyasi zilifunika mananasi, na waliolazimika kuyapalilia bila vibarua walikuwa ni wao wenyewe, juani. Kamati iliyochaguliwa baadaye ilikaa vikao viwili na kutunga sheria: theluthi ya kila mavuno irudi shambani kabla ya jambo lolote. Mimi sikutunga neno hata moja la sheria ile, na sikumbuki mwanafunzi aliyeivunja. Nawauliza wenzangu wanaoogopa makosa ya watoto: lini mtu alijifunza kuendesha baiskeli akiwa ameketi darasani? Afadhali kijana apoteze mavuno ya ekari 2 akiwa na miaka 16, kuliko aje apoteze bajeti ya halmashauri akiwa na miaka 40.

Nilipohamishwa, aliyepokea shule aliliondoa daftari ubaoni akisema hesabu za shule si gazeti. Shamba likaanza kuibwa usiku. Wanafunzi wale wale waliokuwa wakilinda kwa zamu bila kusimamiwa sasa hawakuona mwizi, hawakusikia mbwa. Mtu hulinda kilicho chake. Shamba lilipogeuka kuwa la mkuu, walimwachia mkuu alilinde.

Basi sauti si kura tu. Ninaweza kumruhusu mwanafunzi apige kura kila juma achague kiranja wa usafi, na bado nisimpe kitu. Sauti huanzia pale mtu anapoweza kuona hesabu na kuiulizia bila kuogopa fimbo. Kwa hiyo ukitaka kujua kama shule ina sauti ya wanafunzi, usiulize kama ina serikali ya wanafunzi. Uliza mambo mawili: nani anasoma daftari la fedha, na nani anasoma daftari la adhabu?

La adhabu nalo tuliseme. Kanuni za viboko zilizotungwa mwaka 1979 na kurekebishwa baadaye zinataka viboko visizidi 4, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, na kila adhabu iandikwe katika daftari. Ni walimu wangapi wanaochapa huku wakizikumbuka kanuni hizo? Mwaka 2016 nchi nzima iliona picha ya video ya walimu waliokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha mkoani Mbeya wakimpiga mwanafunzi wa kidato cha tatu ngumi na mateke. Mimi niliyetumia miaka kuwaandaa vijana kwenda kwenye mazoezi kama hayo niliitazama kwa uchungu. Serikali ilichukua hatua, na ilistahili. Lakini tujiulize: jambo lile lilijulikana kwa njia gani? Halikujulikana kupitia kiranja, wala baraza, wala bodi ya shule. Lilijulikana kwa sababu lilinaswa kwenye simu. Shule ikikosa mlango wa halali wa kupitishia malalamiko, malalamiko yatapita dirishani, na siku yakipita dirishani mkuu wa shule atayaona pamoja na taifa zima.

Majirani zetu wa Kenya walilipa gharama kubwa zaidi kabla ya kujifunza. Machi 2001 moto uliowashwa katika bweni la shule ya sekondari ya Kyanguli, wilayani Machakos, uliua wavulana 67. Mwaka 2008 migomo na ghasia zilikumba mamia ya shule za sekondari nchini humo. Mwaka uliofuata wakaanza kuweka mabaraza yanayochaguliwa na wanafunzi badala ya viranja wanaoteuliwa na walimu, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ikampa mwakilishi wa baraza la wanafunzi nafasi ya kuhudhuria bodi ya usimamizi wa shule. Sidai kwamba hilo lilimaliza kila kitu, maana mwaka 2016 shule zaidi ya 100 za Kenya zilichomwa tena, na sababu zilizotajwa zilikuwa nyingi. Kiti katika bodi hakizimi moto peke yake. Lakini wenzetu wamekubali kuandika katika sheria kwamba mwanafunzi ni mmoja wa wenye shule. Katika bodi zote nilizokaa mimi, tulijadili chakula, bweni, sare na nidhamu ya watu 600, na hakuna hata mmoja kati ya hao 600 aliyekuwemo chumbani.

Tusiseme kwamba sheria yetu haituruhusu. Tanzania iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1991, na ibara ya 12 inampa mtoto haki ya kutoa maoni katika mambo yanayomhusu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 11, inasema hivyo hivyo: asikilizwe, na ashiriki katika maamuzi yanayogusa ustawi wake. Sheria ipo. Kinachokosekana ni mkuu wa shule mwenye moyo wa kuifungua kabati.

Wengine hawana ugomvi na sheria, bali husimama juu ya mila. Husema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nami nalikubali neno hilo. Lakini wahenga hao hao walisema mkubwa ni jalala, maana yake kila takataka itatupwa kwake naye atastahimili. Mkubwa asiyetaka kuulizwa hataki ukubwa, anataka heshima yake tu. Nami sijapata kuona heshima ya mwalimu ikishuka kwa sababu alimjibu mtoto kwa hoja. Huko Warsaw, Polandi, daktari Janusz Korczak aliongoza nyumba ya watoto yatima tangu mwaka 1912, akaweka mahakama ambayo mahakimu wake walikuwa watoto. Katika nusu mwaka yeye mwenyewe alishtakiwa mara 5, akahukumiwa kama wengine. Je, watoto walimdharau? Agosti 1942 Wanazi walipowachukua watoto wake wapatao 200 kuwapeleka kuuawa Treblinka, alikataa kuwaacha, akaenda nao, akafa nao. Heshima ya namna hiyo hailetwi na fimbo.

Wengine husema madarasa yamejaa. Tangu ada ilipofutwa mwaka 2016 watoto wamemiminika shuleni, mwalimu hana nafasi ya kumsikiliza kila mmoja. Hoja hii naiheshimu, kwa kuwa inatoka kwa watu waliochoka kwa kazi halisi. Lakini hebu tuigeuze. Mwalimu mmoja mbele ya watoto 100 ana njia mbili tu. Awatawale kwa hofu, na hofu huisha akigeuka kuandika ubaoni. Au awape sehemu ya uendeshaji, wajisimamie. Darasa lililojaa si sababu ya kuwanyima watoto sauti. Ndilo linaloihitaji kuliko mengine.

Na wapo wasiosema lolote, ambao ndio hatari zaidi. Hao hawaogopi fujo wala kuvunjika kwa mila. Wanaogopa daftari. Kwao neno nidhamu ni pazia, na nyuma ya pazia yapo magunia ya maharage yaliyopungua na mananasi yaliyouzwa bila risiti. Sina la kubishana nao. Nasema tu kwamba mtoto aliyezoeshwa kutouliza maharage yamekwenda wapi ndiye mwananchi tutakayemlaumu kesho kwa kutouliza fedha za zahanati zimekwenda wapi. Rushwa ya nchi haianzii ofisini. Inaanzia stoo ya shule, mbele ya macho ya watoto waliokatazwa kuona.

Mkuu wa shule asomaye haya hahitaji kungoja waraka kutoka wizarani. Muhula ujao anaweza kufanya mambo matatu. Kwanza, abandike ubaoni, kwa mwandiko unaosomeka, mapato na matumizi ya kila shughuli ambayo wanafunzi wanaifanya kwa mikono yao. Pili, awaache wanafunzi wachague wawakilishi kwa kura ya siri bila majina kuchujwa na walimu, na kila linaloletwa na wawakilishi hao lijibiwe mbele ya shule nzima katika siku 14, hata kama jibu ni hapana, mradi litolewe pamoja na sababu. Tatu, wawakilishi wawili, mvulana na msichana, walione daftari la adhabu kila mwisho wa mwezi, nao wakaribishwe bodi au kamati ya shule inapojadili chakula, malazi na nidhamu. Hayo hayagharimu senti. Yanagharimu kiburi, na kiburi hakimo katika mali za shule alizokabidhiwa.

Na wakufunzi wa vyuo vya ualimu nawaomba jambo moja. Chuo kinachomwendesha mwanachuo kama mtoto asiyestahili kuuliza, kinamtuma aende akawafanyie watoto vivyo hivyo. Mwalimu hufundisha alivyofundishwa, si alivyoambiwa. Wapeni wanachuo wenu daftari la jiko lao walisome, ili watakapofika huku vijijini wasione ajabu mtoto wa Kiwangwa akisimama, akaamkia shikamoo mwalimu, kisha akauliza mananasi ya shule yameuzwa shilingi ngapi.